Kiazi cha Sherikat na jamaa yake wa Mexico

Viazi mviringo vinavyokaangwa chipsi Sherikat, kitongoji cha Juba, Sudan Kusini, kilicho ng'ambo ya mashariki ya Nile, havikulimwa Juba. Kiazi hutaka usiku wa baridi ili kitunge, na Juba ni joto. Vingi hutoka Uganda, hasa milima ya Kabale, vikapita mpakani Nimule kwa malori. Ugonjwa wa bakajani chelewa ukishika mashamba ya Kabale, mlaji wa Sherikat naye huulipia.

Kimelea chake, Phytophthora infestans, ndicho kilichoteketeza viazi vya Ireland kuanzia 1845, na watu wapatao milioni moja wakafa. Kikipata ubaridi na umande, shamba huweza kuwa jeusi kwa siku chache. Mkulima hana budi kupiga dawa msimu mzima, bomba mgongoni, mara nyingi bila glavu wala barakoa.

Kinga ipo porini. Solanum bulbocastanum, kiazi mwitu cha Mexico, hukihimili kimelea hiki, lakini ukijaribu kukizalisha na kiazi cha shambani, mbegu hazikomai. Katika miaka ya 1990 John Helgeson na wenzake huko Wisconsin, Marekani, waliupita uchavushaji kabisa, wakaunganisha seli zenyewe.

Kazi hii huanzia kwenye jani. Vimeng'enya huyeyusha kuta za seli mpaka zibaki na utando mwembamba tu. Seli za mimea miwili huchanganywa, kisha kemikali au mshtuko mdogo wa umeme huzifanya zigandamane na kuwa moja. Seli ya kiazi chetu ina kromosomu 48, ya kile cha porini 24. Mpya hubeba zote 72. Hujijengea ukuta upya, hugawanyika, huwa donge, na donge huchipua ndani ya chupa. Kwangu mimi hii ni moja ya kazi nzuri kuliko zote katika sayansi ya kilimo.

Mmea huo, hata hivyo, haufai sokoni, maana umerithi na tabia zote za porini. Ilibidi uzalishwe tena na tena na viazi vya shambani, wakichaguliwa watoto waliobaki na kinga. Katika ukoo huo wataalamu waliitambua jeni ya RB, wakaitangaza mwaka 2003. Jeni hiyo huliwezesha jani kuitambua silaha ya kimelea. Seli iliyovamiwa hujiua, na kimelea hukosa chakula.

Tangu 2015, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, NARO, pamoja na kituo cha kimataifa cha viazi, CIP, wameijaribu Kachwekano, karibu na Kabale, aina ya Victoria iliyopandikizwa RB na jeni nyingine mbili za viazi mwitu. Majani yalidumu kijani bila dawa. Jeni zimewekwa tatu kwa sababu kimelea hubadilika upesi, na jeni moja hukishinda kwa muda tu.

Bunge la Uganda lilipitisha mswada wa sheria ya teknolojia hii ya kupandikiza jeni mwaka 2017 na tena 2018. Rais hakuutia saini. Naunga mkono uangalizi mkali, lakini kuchelewa nako kuna gharama, na anayeibeba ni mwenye bomba mgongoni.

Kinga hii, hata hivyo, haizuii mnyauko bakteria, ugonjwa mwingine wa viazi. Kwa hiyo wewe unayetaka kulima kwenye ubaridi wa milima ya Imatong, huku Sudan Kusini, usipande viazi ulivyonunua sokoni Sherikat. Tafuta mbegu iliyokaguliwa, kwani ugonjwa husafiri ndani ya kiazi kinachoonekana kizima.