Bunduki Kongwe Haitaki Baruti ya Leo

Askari wengi wa jeshi la Wajerumani walioingia vitani Afrika Mashariki mwaka 1914 walishika Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya risasi moja moja, yenye mtutu wa milimita 11, itumiayo baruti nyeusi. Wakati huo ilikuwa imekwisha pitwa na zama zake. Kila ikilia ilitoa wingu la moshi, na adui akajua mpigaji alipo. Si ajabu basi kwamba baada ya mapigano ya Tanga, Novemba mwaka huo, bunduki mpya zilizotekwa kwa jeshi la Kiingereza zilipokewa kama neema.

Bunduki za namna ile zingali zipo duniani, katika makumbusho na mikononi mwa wenye vibali, na wapo wanaozitengeneza wakazipiga tena. Hatuoni ubaya, madhali sheria imefuatwa. Tunaloliogopa ni pupa.

Fundi mwenye pupa huichubua bunduki kwa msasa mpaka ing'ae kama sufuria mpya, na papo hapo hufuta mihuri ya kiwanda, namba na alama za kikosi, ambazo ndizo historia yenyewe. Kutu yatolewa kwa mafuta na kitambaa, polepole, siku baada ya siku; nao mti wa kitako hutosheka na mafuta ya kitani. Hapa visiwani, ambako upepo wa bahari hula hata bawaba za milango, kazi hiyo haina mwisho.

Lakini iko pupa iuayo. Baruti ya kisasa, isiyo na moshi, yaweza kuzidisha msukumo wa gesi kupita uwezo wa chuma kile cha kale, na bunduki ikapasuka usoni mwa mpigaji. Kabla ya risasi ya kwanza, fundi wa silaha na auchungulie mtutu, apime chemba, ajaribu komeo. Kisha itumike baruti nyeusi tu, ile ya shura, salfa na makaa. Masizi yake huvuta unyevu, kwa hiyo mtutu uoshwe kwa maji ya moto siku ile ile, ukaushwe, upakwe mafuta. Wapo watakaoshangaa kusikia bunduki ikioshwa kwa maji. Hata hivyo chumvi za baruti hiyo hazitoki kwa mafuta peke yake.

Kwa maofisa watunzao silaha za zamani, tungeshauri kwamba ile ambayo mtutu wake umekwisha kuliwa isipigwe kamwe: isafishwe, iandikwe daftarini, iwekwe kiooni. Na mwananchi aikutaye darini kwa marehemu babu yake asiiguse, huenda imo risasi. Na aiache pale pale, akawaite polisi.