Herufi Moja Katika Kitabu cha Maelezo

Wapo watu wanaosema kwamba kusahihisha sarufi katika maelezo ya lugha za kompyuta ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Mashine, wanasema, haisomi maelezo, husoma programu. Programu ikiwa sahihi, herufi iliyozidi au nukta iliyosahauliwa katika maelezo haimdhuru mtu. Sisi hatuafikiani na rai hiyo, na leo tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, pamoja na ndugu zetu watumishi wa Serikali, tueleze sababu.

Ifahamike kwanza kwamba kila lugha ya kompyuta huja na maandishi ya namna mbili. Yapo yanayosomwa na mashine, nayo hayasamehe kosa hata la mkato mmoja. Na yapo maelezo, ambayo humweleza binadamu kila amri inafanya nini, inataka kupewa nini, na itamrudishia nini. Maelezo hayo, mara nyingi kwa Kiingereza, huandikwa na watu wengi walioko nchi mbalimbali, kila mmoja na mazoea yake. Hapo ndipo tofauti ndogo ndogo huzaliwa.

Tuchukue mfano wa Python, lugha ambayo Guido van Rossum alianza kuitunga mjini Amsterdam mwishoni mwa mwaka 1989 na kuitoa hadharani mwaka 1991. Waraka wake nambari 257 wa mwaka 2001 unaagiza kwamba maelezo mafupi ya kila kipande cha programu yaandikwe kwa namna ya kuamrisha. Iandikwe "Return", yaani rudisha. Isiandikwe "Returns", yaani hurudisha. Mwongozo wa lugha ya Java unaagiza kinyume chake, na wenzao wa lugha ya Rust nao walichagua njia hiyo ya Java. Hatusemi kwamba upande mmoja umekosea. Rudisha na hurudisha zote ni kauli fasaha. Ubaya huingia pale kitabu kimoja kinapoamrisha katika ukurasa wa kumi na kusimulia katika ukurasa wa kumi na moja, bila ya sababu yoyote ila kwamba mwandishi alibadilika.

Ni nani anayeumia? Si mwenye lugha. Yeye aliyezaliwa ndani ya Kiingereza hupita juu ya tofauti hiyo bila ya kuiona, kama sisi tunavyompita mtu aliyeandika "kwasababu" kwa pamoja. Anayeumia ni kijana wa Wete au Makunduchi aliyekipata Kiingereza skuli, na ambaye alifunzwa, tangu chuoni alipokuwa akisoma irabu, kwamba kila alama ina sababu yake. Akiona "Return" hapa na "Returns" pale hujiuliza: je, hii ya kwanza ni amri kwangu mimi, kwamba nirudishe jibu kwa mkono wangu, na ile ya pili inarudisha yenyewe? Swali lake ni la haki kabisa. Atapoteza saa nzima akitafuta maana katika jambo lisilo na maana, na mwisho atajilaumu yeye kuwa ndiye asiyefahamu. Hilo ndilo linalotuudhi zaidi.

Tena yapo maneno ambayo uzito wake si wa kupotezeana wakati tu. Katika lugha ya C, ambayo kanuni zake zilipitishwa Marekani mwaka 1989 na kukubaliwa kimataifa mwaka 1990, neno "shall" ni sharti. Sharti hilo likiwa ndani ya mafungu maalumu ya vizuizi na mtu akalivunja, programu inayofasiri inalazimika kumpa onyo. Likiwa nje ya mafungu hayo, hailazimiki kusema neno, na linalotokea baada ya hapo halina dhamana: leo hesabu itatoka sawa, kesho itatoka upuuzi. Mtu anayesahihisha maandishi ya namna hiyo kwa kutafuta uzuri wa sentensi, akabadilisha neno la sharti kwa neno la nasaha, huwa amebadilisha sheria.

Ndugu zetu wa maofisini hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wanajua tofauti baina ya "mtumishi hutia saini" na "mtumishi atie saini", na wanajua mabishano yanayoweza kuzuka pale waraka unapochanganya kauli hizo mbili. Watungaji wa kanuni za intaneti nao waliyaona. Mwaka 1997 Scott Bradner aliandika waraka nambari 2119, unaoeleza maana ya maneno ya lazima, ya nasaha na ya hiari. Iliwabidi kutoa waraka mwingine, nambari 8174, mwaka 2017, ili kubainisha kwamba maneno hayo hubeba uzito huo maalumu pale tu yanapoandikwa kwa herufi kubwa. Miaka 20 ilipita, na suala lenyewe ni herufi kubwa na ndogo!

Hapa tungependa kuitetea lugha yetu. Kiingereza husema "may not", na msomaji hubaki hajui kama jambo limekatazwa au huenda tu lisitokee. Kiswahili hakimruhusu mfasiri kujificha. Ni lazima achague: "haruhusiwi" au "huenda isiwe". Ili achague, hana budi kurudi kwenye programu yenyewe, aijaribu, aone inafanya nini. Kwa hivyo mfasiri wa Kiswahili hugundua kasoro ambayo wenye kitabu wenyewe wameipita kila siku. Kazi ya kuipa kompyuta Kiswahili si ndoto. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, iliyoandaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vijana wetu wasijione kuwa wapokeaji tu.

Lakini tuwe waadilifu. Wanaolalamikia masahihisho madogo wana hoja moja nzito. Kila badiliko, hata la herufi moja, lazima mtu alikague. Aidha, katika maelezo ya Python, ambayo hufasiriwa aya kwa aya, aya ya asili ikiguswa tafsiri yake huwekewa alama kwamba haiaminiki tena mpaka itazamwe upya. Mtu akirekebisha nukta moja Jumatatu na nyingine Jumanne, huwatesa wafasiri kila siku. Kwa maoni yetu, anayesahihisha akusanye masahihisho ya aina moja ayapeleke kwa pamoja, afuate mwongozo wa lugha hiyo hata kama haumpendezi, na asichanganye kabisa marekebisho ya sarufi na mabadiliko ya maana. Asiyekuwa na hakika ya maana aulize kwanza.

Akifanya hivyo, asidharauliwe. Donald Knuth wa Stanford, bingwa ambaye vitabu vyake vinaheshimiwa na wote wa fani hii, kwa miaka mingi alimtunuku dola 2 na senti 56 mtu wa kwanza kuonyesha kosa katika vitabu vyake, na kosa la chapa lilihesabiwa sawa na kosa la hesabu.

Tunapendekeza basi kwamba walimu wa kompyuta katika vyuo vyetu wachague ukurasa mmoja tu wa maelezo, wawape wanafunzi waufasiri kwa Kiswahili, na kila neno litakalowazuia waliwekee alama. Alama hizo wazijadili, wazijaribu kwenye mashine, na zile zitakazothibitika kuwa kasoro za kitabu wazipeleke kwa wenye lugha hiyo. Lugha nyingi leo huweka maelezo yake wazi, na mtu yeyote anaweza kupendekeza sahihisho. Na wakuu wanaopima kazi za vijana hao, sahihisho likikubaliwa, waliandike katika kumbukumbu zao pamoja na kazi nyingine.