GARI LINALOITWA KIWANDANI: MAMBO YA KUJUA KABLA YA KUNUNUA



Vikundi vya akiba, yaani ibimina, vya hapa Gashonga na sehemu nyingine za Rusizi vimeanza kufikiria kununua gari. Wengine wanataka pikapu ya kupeleka kahawa mahali pa kuoshea. Wengine wanataka basi dogo la kuchukua abiria kati ya hapa, Kamembe na Bugarama. Fikira hii ni njema. Lakini fedha hizo zimetoka katika jasho la watu wengi, faranga kidogo kidogo kila juma, kwa muda wa miaka. Zikinunua gari bovu, anayepata hasara si mtu mmoja bali ni nyumba ishirini au thelathini. Tena gari bovu halili fedha tu, linaua watu.

Swali tunaloulizwa kila tunapokwenda matawini ni hili: "Kampuni gani inatengeneza gari zuri?" Jibu lake si jina moja. Ili kulijibu swali hilo sawasawa, inatupasa kwanza kulielewa jambo moja ambalo wauzaji hawapendi kulitaja, nalo ni wito wa kurudisha magari kiwandani.

WITO NI KITU GANI?

Kampuni ikiisha kuuza magari, mara nyingine huonekana kwamba sehemu fulani ina kasoro iliyotoka kiwandani. Huenda ikawa breki, usukani, tangi la mafuta au waya. Kasoro hiyo haitokani na dereva wala fundi. Iko katika kila gari la aina hiyo, liendeshwe vizuri au vibaya. Hapo kampuni hulazimika kuwaandikia wenye magari hayo wayarudishe kwa wakala wake ili sehemu hiyo ibadilishwe bila malipo.

Jambo hili halikuja kwa huruma ya matajiri. Mwaka 1965 mwanasheria kijana wa Marekani, Ralph Nader, alitoa kitabu cha kueleza jinsi kampuni zilivyokuwa zikiuza magari ya hatari huku zikijua. Watu wakapiga kelele, na mwaka 1966 Marekani ikapitisha sheria ya usalama wa magari. Mwaka 1978 kampuni ya Ford ililazimika kuyaita magari milioni moja na nusu, mengi yao ya aina ya Pinto, kwa sababu tangi la petroli lilikaa mahali pabaya nyuma. Gari likigongwa kwa nyuma, petroli ilimwagika na moto ukawaka. Nchi nyingine pia zimeweka sheria za namna hiyo. Bila sheria na bila sauti ya watu, wito haufanyiki.

KAMPUNI IKIFICHA, DEREVA NDIYE ANAYELAUMIWA

Mfano wa kwanza unatuhusu sana sisi tunaopanda na kuendesha malori. Nani katika Afrika Mashariki asiyelijua Fuso? Mwaka 2000 huko Japani iligunduliwa kwamba kampuni ya Mitsubishi Motors ilikuwa imeficha malalamiko ya wateja kwa zaidi ya miaka 20. Badala ya kutoa wito wa wazi, ilikuwa ikiyatengeneza magari kimya kimya.

Mwezi wa Januari 2002, katika mji wa Yokohama, gurudumu la lori kubwa la Mitsubishi lilichomoka likiwa njiani, likamgonga na kumwua mama mmoja aliyekuwa akitembea na watoto wake. Kampuni ilisema kwamba kosa ni la wenye malori, kwamba hawayatunzi. Miaka miwili ikapita. Mwaka 2004 Mitsubishi Fuso ikakiri kwamba kosa lilikuwa katika uundaji wa habu, yaani chuma kinacholishika gurudumu kwenye ekseli. Ndipo malori zaidi ya laki moja yakaitwa.

Angalieni mambo yalivyokwenda. Gurudumu lilipochomoka, wa kwanza kulaumiwa alikuwa mtu wa kazi: dereva, fundi, mwenye lori. Ukweli ulikuwa kabatini mwa kampuni. Katika kazi zetu pia, gari likipata ajali mtelemkoni, neno la kwanza ni "dereva mzembe". Mara nyingine ni kweli. Lakini pasipo kuchunguza gari na wito wake, hakuna anayejua, na anayekatwa mshahara au kufungwa ni yule asiye na karatasi ya kujitetea.

KEMIKALI YA MBOLEA NDANI YA USUKANI

Mfano wa pili ni wa mifuko ya hewa. Mfuko wa hewa umekunjwa ndani ya usukani na ndani ya dashibodi. Gari likigonga, hufura ghafla ili kukinga kichwa na kifua. Unaofurisha mfuko huo ni unga unaowaka ndani ya kopo la chuma.

Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza makopo hayo kwa kutumia nitrati ya amonia. Sisi wa mashambani tunalijua jina hilo, kwani ni kemikali inayotumika pia katika mbolea. Ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu, huharibika. Siku ya ajali huwaka kwa nguvu kupita kiasi, kopo hupasuka, na vipande vya chuma humrukia mtu usoni na shingoni. Kitu kilichowekwa kumwokoa kinamwua, hata kama ajali yenyewe ilikuwa ndogo.

Huko Marekani peke yake watu zaidi ya 20 wamekufa kwa njia hiyo, na makopo yaliyoitwa ni kama milioni 67. Kampuni ya magari iliyohusika zaidi ni Honda, lakini zimo pia Toyota, Nissan, Mazda, BMW, Ford na nyingine nyingi. Takata ilikiri kosa la udanganyifu mahakamani mwaka 2017, na mwaka huo huo ikafilisika.

Hatari inazidi gari likizeeka na mahali pakiwa na joto na unyevu. Bonde la Bugarama ni la namna hiyo, na pwani ya Mombasa na Dar es Salaam vile vile.

KWA NINI BARUA HAITUFIKII?

Barua ya wito hupelekwa kwa mtu aliyeandikishwa kuwa mwenye gari. Gari likiwa Ubelgiji au Japani, barua humfikia mwenyewe. Lakini likiisha kuuzwa na kupakiwa melini, jina la mwenyewe hufutwa katika daftari la kule, na kampuni haijui gari limekwenda wapi. Basi gari linafika kwetu na kasoro yake, na barua inabaki Ulaya.

Hili si dogo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Marekani na Japani, na mengi yao yalikwenda nchi maskini. Kenya imekataza kuingiza gari lililozidi miaka minane. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kukataza yenye miaka 15 na zaidi. Sheria hizo zinasaidia, lakini umri si wito. Gari la miaka sita laweza kuwa na kasoro ambayo haijatengenezwa, na la miaka kumi laweza kuwa limekwisha kutengenezwa.

Hata ukaguzi wa magari wa Polisi hapa Rwanda, ambao ni wa lazima na wenye faida, haumalizi jambo hili. Mashine ya ukaguzi hupima breki, taa na moshi. Haiwezi kuona unga ulioharibika ndani ya kopo la mfuko wa hewa.

KULINGANISHA KAMPUNI

Wengine husema: "Kampuni hii imeita magari mara nyingi, basi magari yake mabaya." Tufanye hesabu kwanza. Tuseme kampuni ya kwanza imeuza magari 1,000,000 na kuita 100,000. Ya pili imeuza 50,000 na kuita 20,000. Ya kwanza imeita mengi zaidi, lakini ni gari moja katika kila kumi. Ya pili imeita mawili katika kila matano. Ipi ina ubovu zaidi?

Tena kuita si aibu. Kampuni inayoita mapema na kutengeneza ni afadhali kuliko inayonyamaza. Mwaka 2014 General Motors ya Marekani iliita magari milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya ufunguo. Ufunguo ulijizungusha wenyewe njiani, injini ikazimika, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa isifanye kazi. Watu ndani ya kampuni walikuwa wameijua kasoro hiyo kwa miaka mingi. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Basi swali la kuuliza si "wameita mara ngapi?" tu, bali "walijua lini, na walisema lini?"

La pili, jina moja si gari moja. Shirika la Global NCAP hununua magari na kuyagongesha ili kuyapima, kisha huyapa nyota kuanzia sifuri hadi tano. Mwaka 2018 lilipima pikapu ya Nissan NP300 Hardbody iliyouzwa Afrika, ikapata sifuri. Baadaye likaigonganisha na Nissan Navara iliyotumika ya Ulaya. Ikaonekana kwamba dereva wa pikapu ya Afrika angekufa, na wa ile ya Ulaya angetoka salama. Kampuni ni moja, lakini chuma kilikuwa mbalimbali. Kwa hiyo ukisikia gari lina nyota tano, uliza: ni lile lililouzwa nchi gani, na mwaka gani?

La tatu ni vipuri na mafundi. Tuseme gari la kwanza ni faranga 9,000,000, na vipuri vyake ni vya kuagiza Dubai. La pili ni faranga 10,000,000, na vipuri vyake viko Kamembe na Kigali. La kwanza likilala siku 60 kwa mwaka likingoja vipuri, na kila siku lingeingiza faranga 20,000, kikundi kimepoteza 1,200,000 katika mwaka mmoja. Rahisi imekuwa ghali.

HATUA ZA KUFUATA

1. Andika namba ya chesisi kabla ya kujadili bei. Hupatikana chini ya kioo cha mbele, katika nguzo ya mlango wa dereva na katika kadi ya gari. Zote zilingane. Kwa magari ya Ulaya na Marekani namba hiyo ina tarakimu na herufi 17, wala haina herufi I, O wala Q. Ukiziona, kuna udanganyifu. Ikianza na J gari limetoka Japani, na W ni Ujerumani. Magari yaliyotengenezwa kuuzwa ndani ya Japani huwa na namba fupi zaidi.

2. Tafuta wito kwa namba hiyo. Kwa magari ya Marekani, ofisi ya serikali yao iitwayo NHTSA ina ukurasa wa intaneti wa kuuliza bila malipo. Kampuni nyingi zina ukurasa wa namna hiyo, na Umoja wa Ulaya hutoa kila juma orodha ya bidhaa za hatari, magari yakiwamo. Kijana mwenye simu aweza kuimaliza kazi hii kwa dakika tano.

3. Wito ukionekana, mwulize kwa maandishi wakala wa kampuni hiyo aliye Kigali: je, atatengeneza bila malipo gari lililotoka nje? Pateni jibu la maandishi kabla ya kulipa.

4. Washa ufunguo uangalie taa ya mfuko wa hewa. Inapaswa kuwaka kidogo, kisha izimike. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameing'oa ili kuficha ubovu.

5. Soma tarehe ya tairi. Tarakimu nne za mwisho 3519 maana yake ni juma la 35 la mwaka 2019.

6. Rwanda tunaendesha kulia. Kama usukani umehamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, acheni gari hilo. Usukani na breki si vitu vya kuungwa-ungwa.

7. Pelekeni fundi wenu, si fundi wa muuzaji.

NA MAGARI YA MWAJIRI?

Wengi wetu hatuna gari, tunapanda la kampuni kwenda chaini au kiwandani. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi kazini. Kwa hiyo si utovu wa adabu kamati ya tawi kuomba namba za chesisi za magari yanayotubeba na kuuliza kama wito wake umetimizwa. Ni haki.

Na ninyi ndugu madereva, mkiona kasoro msiishie kusema kwa mdomo. Andikeni tarehe, namba ya gari na kasoro yenyewe, mtu wa ofisi atie sahihi, na nakala mbaki nayo. Siku ya mashitaka, karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwamba mlionya.

Matawi yanayotaka kununua gari yapeleke namba za chesisi kwa katibu wa tawi kabla ya kutoa hata faranga moja ya rubuni. Akiba ya watu thelathini isitoke kwa sababu ya rangi inayong'aa. Umoja wetu uonekane hata katika kununua.