BUKENE: KIMYA CHAKE SI UTUPU

Msafiri apitaye Bukene kwa gari-moshi, katika safari yake baina ya Tabora na Isaka, huchungulia dirishani akaona stesheni, nyumba na mashamba. Kisha hurudisha kichwa ndani na kujisemea kwamba hapa hapana jambo. Msafiri huyo hudanganywa na kimya.

Ni kweli kwamba Bukene ni mahali patulivu. Wakazi wake ni wakulima na wafugaji, na mambo mengi yawalazimuyo huyafuata mbali: Nzega yalipo makao ya wilaya, au Tabora penye hospitali kubwa na afisi za mkoa. Vijana nao huondoka kutafuta ujira. Kwa sababu hiyo wako wanaosema kwamba kijiji ambacho watu wake wako njiani daima ni kijiji kinachokufa. Sisi hatukubaliani nao, na ushahidi wetu ni historia ya nchi yenyewe.

Katika karne ya 19 makumi ya maelfu ya Wanyamwezi walishika njia ya pwani kila mwaka. Waliondoka baada ya mavuno, wakatembea kiasi cha miezi mitatu hadi Bagamoyo, kila mmoja akiwa na mzigo wa kilo thelathini hivi begani. Na wengi walijitahidi kurejea kwa wakati wa kulima. Walishuka na pembe za ndovu, wakapanda na nguo, shanga na nyaya. Wake zao pia walikuwamo safarini. Wageni waliopita huku wakati huo waliandika kwamba kijana ambaye hajaiona pwani alihesabiwa kuwa bado mtoto. Basi kuondoka hakukuwa kukimbia kwao. Kulikuwa ni njia ya kujipatia mali na heshima ya kurudi nayo.

Yafaa tukumbushe neno moja ambalo husahauliwa mara nyingi. Biashara ya watumwa ilipita katika njia hizi, na uchungu wake haufutiki. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru, walioafikiana ujira na walioweza kugoma au kutoroka mwenye msafara alipowadhulumu. Hata neno mnyapara, tulitumialo leo kwa msimamizi wa kazi, ni kumbukumbu ya wanyampara waliowaongoza.

Wala njia hazikuishia Tabora. Mwaka 1858 Mwingereza Speke alitoka huko kuelekea kaskazini hadi akaliona ziwa ambalo alilipa jina la malkia wake, Victoria. Vitabu vilimsifu yeye; lakini alipita katika njia zilizokwisha kukanyagwa na wenyeji, naye aliongozwa na watu waliozijua.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Mwanza mwaka 1928. Mzigo ukashuka begani mwa mtu, nayo Bukene ikawa stesheni. Njia ilibadilika, desturi ya kwenda na kurudi haikubadilika.

Mwaka 2006 nchi yetu ilipeleka UNESCO jina la njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe, ili iwekwe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Hilo ni jambo jema. Lakini vijiji ambavyo vilitoa mabega ya kubebea mizigo hiyo havimo, kwa kuwa havina boma wala tembe la kuonyesha wageni. Urithi wao umo katika majina ya mahali, katika nyimbo, na katika vichwa vya wazee. Na mzee afapo, hapana kumbukumbu ya kufungua.

Tena wakati hautungoji. Mwaka 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli mpya ya kisasa kutoka Tabora hadi Isaka, kilomita 165. Twaifurahia, maana itawarahisishia wananchi kwenda na kurudi. Lakini kila njia mpya huifunika ya zamani, kama reli ya kwanza ilivyozifunika njia za miguu.

Kwa hiyo twawahimiza walimu wa shule za Bukene wawatume watoto kwa mababu na mabibi zao, wakiwa na daftari na kalamu, wakaulize: Babu yako alikwenda wapi? Alibeba nini? Alirudi na nini? Kazi hii haihitaji fedha nyingi wala mgeni wa kuifanya. Nanyi vijana mnaofanya kazi mijini, mrudipo likizo, ketini na wazee kabla ya kuaga.

Mwacha asili ni mtumwa. Wapagazi wale walikuwa watu huru. Isiwe sisi wajukuu wao ndio tutakaowaingiza katika utumwa wa kusahauliwa.