Neno ‘Wajibu’ Kinywani mwa Haramia

Neno ‘wajibu’ ni zito. Likitajwa kwenye kikao, watu huketi sawa, na aliyelitaja huonekana mtu wa maana. Lakini je, kila alitajaye analibeba? Robert Louis Stevenson, mwandishi wa Scotland, alilichezea neno hili kwa ustadi katika Treasure Island, riwaya iliyotoka kama kitabu mwaka 1883 na ambayo kwa Kiswahili twaijua kama Kisiwa chenye Hazina. Ukiisoma tena, lifuate neno hilo tu.

Anayelitaja kwa mbwembwe ni Long John Silver, mpishi mwenye mguu mmoja. Kule Bristol, haramia mmoja anaonekana katika mkahawa wake kisha anatoroka. Silver, ili asishukiwe, anasema wajibu ni wajibu, na anafuatana na kijana Jim kwenda kutoa taarifa kwa Trelawney, mwenye safari. Hapo neno ni pazia.

Baadaye, Jim akiwa amejificha ndani ya pipa la matufaha, anamsikia Silver akilirudia neno lile lile. Safari hii analitumia kupitisha shauri la kuwaua wenye safari. Wajibu umekuwa muhuri wa mauaji.

Kisiwani, baharia Tom anashawishiwa ajiunge na waasi. Kwake yeye neno halina ujanja: heri apoteze mkono kuliko kuuvunja wajibu wake. Anampa Silver mgongo na kuondoka. Silver anamrushia mkongojo, anamwangusha, kisha anammaliza kwa kisu.

Nahodha Smollett naye analitaja juu ya maiti ya mzee Redruth, mtumishi wa Trelawney aliyepigwa risasi. Kwa nahodha, aliyeanguka akitimiza wajibu wake hana la kuhofiwa. Hapo neno ni faraja kwa wafiwa.

Mwisho, hazina ikishapatikana, Silver anamwambia nahodha kwamba amerudi kwenye wajibu wake, kana kwamba hakuna damu iliyomwagika. Haupiti muda, merikebu ikiwa bandarini, anatoroka na mfuko wa sarafu.

Neno ni moja, lakini limekuwa pazia, muhuri, ahadi, faraja na kisingizio. Tofauti iko kwa msemaji: Tom alilipia neno lake kwa roho, Silver kila alipolitaja alikuwa na faida anayoitafuta. Waswahili tulishasema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi, msomaji, anaposimama mtu mbele yetu, awe kiongozi, mwajiri au jamaa, akasema anatimiza wajibu, tusikimbilie kupiga makofi. Tumuulize mambo mawili: wajibu kwa nani, na utamgharimu nini yeye mwenyewe? Mwenye jibu kama la Tom tumshike mkono. Asiye na jibu, tuchunge mfuko wa sarafu.