Je, Wajua? Mwanga Unapenya Ngozi Yako!

Leo usiku zima taa, washa tochi ya simu, kisha izibe kwa ncha ya kidole. Umeona? Mwanga wa tochi ni mweupe, lakini kidole kinawaka chekundu! Damu yako imemeza kijani na bluu, nyekundu ikapenya.

Je, wajua kila rangi ina kina chake? Bluu huishia ndani ya milimita 1 ya kwanza ya ngozi. Nyekundu huzama milimita kadhaa, na njiani hubadilishwa mwelekeo zaidi ya mara 10 katika kila milimita!

Mwombe mwenye saa janja aivue uone tumboni mwa saa hiyo. Vitaa vile vya kijani ndivyo vinavyohesabu mapigo ya moyo! Moyo ukidunda, damu hujaa mkononi na kumeza kijani zaidi, basi mwanga unaorudi hupungua na saa inahesabu moja.

Siku hizi taa yenyewe inabandikwa mwilini. Mwaka 2016, Takao Someya na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo walitengeneza taa za kikaboni, ndugu wa zile OLED za vioo vya simu, zenye unene wa mikromita 3 tu. Unywele wako mmoja ni mnene kuliko hizo mara 20 hivi! Walizibandika kidoleni, zikapima oksijeni ya damu.

Na Uskoti? Huko OLED imetibu saratani ya ngozi! Mgonjwa hupakwa krimu, plasta yenye taa hubandikwa juu yake, mwanga mwekundu huiamsha dawa ya krimu hiyo na seli za saratani hufa. Matokeo ya wagonjwa 12 wa kwanza yalichapishwa mwaka 2009, na habari tamu ni kwamba mtu hahitaji kulala chini ya taa kubwa: anavaa plasta yake na kutembea.

Daktari Niels Finsen wa Denmark alitangulia mbali. Alitibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, akatunukiwa Nobel mwaka 1903. Damu ilipomzuilia miale, aliibonyeza ngozi kwa lenzi hadi damu ikasogea!

Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu hospitalini je? Siri yake iligunduliwa na Mjapani Takuo Aoyagi, mwaka 1974 ikatangazwa. Damu yenye oksijeni nyingi huiachia nyekundu ipite, iliyopungukiwa huimeza.

Hapa sogea karibu, maana hili linatuhusu. Melanini, rangi inayotufanya weusi, nayo humeza mwanga. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walionyesha kuwa kibanio kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 kuliko kwa wazungu! Kwa hiyo kifua kikikubana, usinyamaze ati kwa sababu namba ni nzuri. Mwambie daktari.

Umedhani mwanga unaingia tu? Unatoka pia! Mwaka 2009 Wajapani walipiga picha za watu gizani kwa kamera kali mno, wakakuta mwili wa binadamu unang'aa wenyewe, kwa mwanga ulio dhaifu mara 1,000 kuliko jicho liwezavyo kuona. Mashavu ndiyo hung'aa zaidi, na kilele chake ni saa 10 alasiri. Ikifika saa hiyo leo, mtazame jirani yako usoni: anang'aa, na wewe pia!