Mzee wa miaka 68 katika safu ya 25+

Kila mwisho wa mwezi, vituo vya Kenya vinavyopima virusi vya Ukimwi hujaza fomu iitwayo MOH 731. Ni muhtasari tu: wangapi wamepimwa, wangapi wamekutwa na virusi, wangapi wameanzishiwa dawa. Muuguzi mmoja wa kisiwani Mombasa alinionyesha toleo la 2018 tukizungumza mambo mengine kabisa, nami nikaishika ile karatasi nisimrudishie. Waliopimwa wamepangwa humo kwa umri. Kuna safu ya watoto wa mwaka 1 hadi 9, ya miaka 10 hadi 14, ya 15 hadi 19, ya 20 hadi 24. Safu ya mwisho imeandikwa 25+. Nikaigeuza karatasi kutafuta inayofuata. Hakuna.

Tangu hapo ile alama ya kujumlisha haijanitoka akilini. Kijana wa miaka 25 aliyemaliza chuo juzi na anayetafuta kazi bandarini yumo ndani yake. Baba yake wa miaka 52 yumo. Babu yake wa miaka 78, anayeshuka Ndia Kuu kwa mkongojo kwenda kuswali alasiri, naye yumo. Kwa fomu hii, ukishatimiza miaka 25 huzeeki tena mpaka unazikwa.

Si kwamba umri hauulizwi. Daftari la kituo lina nafasi yake, na muuguzi huuandika kwa mkono wake: 61, 66, 70. Umri upo hadi tarehe ya kufunga hesabu, kisha unamezwa. Wala sioni ubaya wa moyo kwa walioitunga fomu. Macho yote yalikuwa kwa vijana, hasa wasichana, kwa kuwa maambukizi mapya yalikuwa yakiwaandama, na walistahili kuangaliwa kwa makini hivyo. Ila mzee ametoka katika hesabu kila upande. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya huwahoji wanaume wa miaka 15 hadi 54. Ule mkubwa wa KENPHIA wa 2018, uliopima damu za Wakenya nyumba kwa nyumba, uliishia miaka 64. Mwanamume wa miaka 68 hakuna aliyebisha hodi kwake.

Muuguzi huyu, ambaye sitamtaja jina wala kituo chake, anakereka kwa sababu wazee hao ndio wanaoketi mbele yake. Anahudumia wanaume wanaolala na wanaume wenzao, na sehemu kubwa yao wamevuka hamsini. Wengi ni wasafiri. Nilipolisikia neno hilo nilimwona mtalii wa Kijerumani aliyestaafu, kofia kichwani, amesimama mbele ya Fort Jesus. Akaniambia huyo yupo, na hampi shida. Huja na dawa zake za kinga katika sanduku, kwao hupimwa kila miezi mitatu, na akiwa na swali huliuliza wazi.

Msafiri anayemkosesha usingizi ni mzee aliyepanda basi kutoka Lamu au Malindi, aliyevuka mpaka kutoka Tanga, au aliyekuja kutoka Muscat kwa harusi ya mpwa wake. Huyu amesafiri ili apimwe, japo nyumbani ameaga kwa sababu nyingine. Kwao hawezi. Muuguzi wa zahanati ya kwao ni binti wa ndugu yake, na anayesoma vipimo husimama naye safu moja msikitini. Na mzee wa Mji wa Kale mwenyewe, wa Kibokoni au Kuze, hafungui mlango wa kituo kilicho hatua chache na kwake. Hupanda matatu hadi Mtwapa. "Wanapishana pale daraja la Nyali," aliniambia. "Huyu aja kisiwani, yule atoka kisiwani, wote watafuta mahali wasipojulikana."

Wanapofika, hakuna anayesema alichokijia. Husema amekuja kupima presha. Muuguzi ameshazoea, na presha huipima kweli, na sukari pia, kwa utulivu, bila haraka, kwa sababu mara nyingi presha yenyewe iko juu. Halafu huuliza, "Ami, hilo tumelimaliza. Kuna jingine?" Kisha hunyamaza. Anasema kazi yake yote imo katika kule kunyamaza. Mzee akianza kuinuka, humwacha ainuke. Akibaki kitini, humuuliza kwa sauti ileile aliyomuulizia chumvi na chai ya maziwa: ukilala na mtu, huwa ni mwanamke, mwanamume, au wote wawili? Hamuulizi kama ana mke. Wengi wanaye, na wana wajukuu, na anajua kwamba swali la mke huufunga mlango aliotumia nusu saa kuufungua.

Mezani, kando ya mashine ya presha, ameweka miwani ya kusomea, ile ya bei rahisi inayouzwa barabarani. Nilidhani ni yake. Ni ya wageni. Kipimo cha kujipima kwa majimaji ya ufizi, ambacho Kenya ilianza kukisambaza 2017, ni msaada mkubwa kwa mwenye siri: unakwenda nacho chumbani, unapitisha kijiti kwenye fizi, unasubiri dakika 20. Lakini maagizo yake ni ya maandishi madogo, na mstari wa pili ukiwa hafifu bado ni mstari. Mzee asiye na miwani, katika chumba cha gesti chenye taa moja, hauoni, na hurudi kwao akiamini yuko salama. Kwa hiyo muuguzi humjaribisha kwanza kusoma maandishi ya boksi, na asiyeweza humpa miwani aondoke nayo. Humsisitizia pia kwamba akiona mistari miwili asijihukumu peke yake, arudi, kwani jibu hilo lazima lithibitishwe kwa vipimo vingine kituoni.

Nikamuuliza ni kitu gani anachokisikia zaidi kwa wazee hawa. Akajibu bila kufikiri: kwamba Ukimwi ni wa wanawake.

Jibu hilo lina historia yake hapahapa Mombasa. Mwaka 2007 watafiti walichapisha makadirio yao kwamba mjini na vitongojini mwake kulikuwa na wanaume 739 waliokuwa wakiuza ngono kwa wanaume wenzao. Mwaka uliofuata ukachapishwa uchunguzi wa wanaume 425 wa aina hiyo, na asilimia 35 kati yao hawakujua kwamba virusi vya Ukimwi huambukizwa kwa njia ya nyuma. Hawakuwa wajinga. Kwa miaka zaidi ya ishirini, tangu mgonjwa wa kwanza alipotambuliwa Kenya mwaka 1984, redio na mabango yaliwaambia habari za mume, mke na mwanamke wa baa. Aliyesikiliza kwa makini, na kujiona hayumo katika maneno hayo, alikata shauri kwamba hayamhusu. Vijana wa 2008 angalau walifikiwa baadaye na waelimishaji rika. Waliokuwa wakiwanunua, wakati huo watu wazima wenye kazi na familia, hawakufikiwa na mtu. Hao ndio wazee wa leo.

Na mwili wa mzee una mambo yake. Kondomu humshinda kwa sababu ambayo kijana haijui: akiivaa, nguvu humwishia, basi huiacha. Wengine hununua vidonge vya nguvu dukani bila kumwambia daktari, ilhali mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya nitreti akivichanganya nazo presha yake yaweza kuporomoka ghafla na kumuua. Muuguzi huuliza hilo kila mara, kwa kuwa hakuna atakayelitaja mwenyewe. Dawa ya kinga, PrEP, ambayo Kenya ilianza kuitoa rasmi 2017, inamfaa mzee kama inavyomfaa kijana, ila hupita kwenye figo. Shirika la Afya Duniani linashauri aliyefika miaka 50 apimwe figo anapoanza, kisha kila baada ya miezi 6 hadi 12. Kwa asiyetaka kumeza kila siku, shirika hilo tangu 2019 limekubali njia ya safari kwa wanaume: vidonge viwili kati ya muda wa saa mbili na saa 24 kabla ya tendo, kimoja saa 24 baada ya vile vya kwanza, na kingine saa 24 baada ya hicho. Mwenye homa ya ini aina ya B asianze bila daktari.

Kisonono na klamidia za njia ya nyuma au koo mara nyingi hazitoi dalili yoyote, na vituo vyetu vingi bado hutibu kwa kuangalia dalili. Mzee asiye na usaha huambiwa yu mzima.

Na aliye na virusi tayari? Hapo muuguzi alichangamka, akasogeza kiti. Ipo habari anayowapa wazee wanaokuja wameshakata tamaa: utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa 2019 ulizifuatilia jozi 782 za wanaume wapenzi, mmoja ana virusi na anameza dawa hadi virusi havionekani kwenye damu, mwingine hana. Walijamiiana bila kondomu mara zipatazo 76,000. Maambukizi kutoka kwa mpenzi hadi mpenzi yalikuwa sufuri. Anasema wapo wanaume wazima waliolia walipoisikia sufuri hiyo.

Sasa sababu ya kutomtaja jina. Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai kinatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa ngono inayoitwa kinyume cha maumbile, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Mwaka 2010 umati ulikivamia kituo cha utafiti cha KEMRI pale Mtwapa kwa uvumi wa harusi ya wanaume wawili. Mwaka 2015 wanaume wawili waliokamatwa Kwale waliletwa hospitali ya umma Mombasa wakachunguzwa sehemu za siri kwa nguvu ili kutafuta ushahidi. Mahakama ya Rufani, ikiketi hapahapa Mombasa, iliamua Machi 2018 kwamba uchunguzi huo ulivunja katiba. Uamuzi ni mzuri. Lakini wazee hawakumbuki uamuzi, wanakumbuka hospitali.

Kisha ikaja Januari 2025, Marekani ikasitisha fedha zake za misaada. Zilipoachiliwa baadhi, za PrEP zilitengewa kina mama wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Vituo vya pembeni, vile vya mlango usio na kibao, vikaanza kufungwa nchini, na huduma zikaelekezwa kwenye foleni ya kawaida ya wagonjwa wa nje. Katika foleni hiyo mzee wa Lamu ataketi kati ya mama mwenye mtoto wa kikohozi na jirani aliyekuja kumwona mgonjwa. Je, ataketi? Muuguzi hakunijibu, nami sina jibu.

Nikarudi kwenye karatasi yangu. Nilitarajia aniunge mkono kwamba safu ya 25+ ipasuliwe, yaandikwe makundi hadi 65 na zaidi. Akasita. "Fikiria kituo kidogo," alisema. "Mwezi mzima wamepima wanaume wa juu ya 65, mmoja tu ana virusi. Umeandika moja. Mtaa ule watashindwa kumjua ni nani?" Kutohesabiwa kumemnyima mzee huduma, na kumemficha pia. Vijana wa takwimu hawaishi karibu na hofu hiyo, yeye anaishi nayo.

Bado nasema ipasuliwe. Idadi za wazee zijumlishwe katika ngazi ya kaunti, zisitoke kituoni zikiwa peke yake, na Wizara ya Afya ina wataalamu wa kutosha kulifanya hilo. Kisichoandikwa hakitengewi bajeti, na vipimo vya figo, vijiti vya kupima kisonono na muuguzi anayejua kunyamaza vyote vinahitaji bajeti.

Na wewe uliyevuka hamsini, uliye safarini au unayejiandaa kusafiri, kapimwe kabla ya kuondoka na uombe kipimo cha figo pamoja na kile cha virusi. Sheria ya mwaka 2006 inakataza kutoa majibu yako kwa mtu bila idhini yako. Kondomu ikipasuka, au isipovaliwa, ziko dawa za dharura zinazomezwa kwa siku 28, na lazima zianze ndani ya saa 72. Saa hizo zinahesabiwa tangu tendo lenyewe, hazisubiri urudi nyumbani.